Vyumba vya Mstari au Nyumba Mojamoja? Mjadala wa Kupangisha Singida

Nyumba ndogo za kupangisha zilizojengwa kadhaa ndani ya kiwanja kimoja zina sura mbili katika mji wa Singida. Sura ya zamani ni vyumba vya mstari: paa moja refu, milango inayotazama uani, choo cha pamoja kwa nyuma. Sura mpya ni nyumba mojamoja, kila moja na chumba, sebule finyu, jiko la kusimama mtu mmoja na choo chake ndani, zote zikizunguka ua wenye geti moja. Wanaobishana juu ya sura hizi wanakubaliana jambo moja tu, kwamba wapangaji wapo. Sensa ya 2012 iliuhesabia mkoa watu 1,370,637. Ya 2022 ikawakuta 2,008,058. Mengine yote yana mabishano: gharama, maji, mapato, aina ya mpangaji, ushuru wa serikali na siku ya kuuza. Yanafuatwa hapa kwa mpangilio huo kupitia sauti nne ambazo ni za aina ya watu, si za mtu fulani: mstaafu wa serikali mwenye kiwanja, mhasibu anayemshauri, muuguzi anayepanga, na afisa mipango miji wa manispaa.

Nyumba mojamoja zimepata sifa kutoka Marekani, ambako kuishi padogo kumekuwa harakati yenye vitabu na makampuni. Kanuni za mfano za ujenzi za nchi hiyo, toleo la 2018, zinaitambua nyumba ndogo kuwa ile isiyozidi futi za mraba 400, yaani mita za mraba 37 hivi. Kwa kipimo hicho, nyumba ya Kiswahili ya korido na vyumba sita, ambamo Magomeni au Ujiji huishi familia sita, ni kama nyumba ndogo mbili za Mmarekani, na zimejaa watu pomoni. Singida nayo ilikuwa na tembe za Wanyaturu na Wanyiramba, ndefu na fupi kwa kimo, paa la udongo, vyumba vikishikana na kuuzunguka ua wa mifugo. Kwa hiyo kukaa padogo si ugeni. Ugeni ni kuziachanisha kuta.

Mstaafu ndiye anayeanza, kwa sababu fedha ni zake. Anataka nyumba tano za mojamoja, na sababu yake ya kwanza haihusu majengo hata kidogo. Ni mafao. Kikokotoo kilichoanza kutumika Julai 2022 kiliweka mkupuo wa mstaafu kuwa asilimia 33 ya mafao. Bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao awali walikuwa wakipata asilimia 50. Mkupuo ukipungua, ghorofa ya ndoto hugeuka vyumba. “Siwezi kujenga kikubwa,” husema mstaafu, “basi nijenge vidogo vizuri. Nyumba yenye choo chake humleta mtumishi, na mtumishi hulipa.”

Mhasibu hapingi shabaha, anapinga umbo. “Mzee, udogo unakuponza,” hujibu. “Chumba kikipungua nusu, gharama haipungui nusu.” Mlango ni mmoja kwa chumba kikubwa na kidogo. Sinki la choo ni lilelile, na koki, bomba, swichi na kufuli vivyo hivyo. Kinachopungua kweli ni sakafu, na sakafu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Nyumba ndogo kwa hiyo ni ghali kwa kila mita ya mraba, na nyumba ndogo iliyotengwa ni ghali zaidi, kwa sababu inabeba kuta nne peke yake.

Hesabu ya kuta haina ubishi. Nyumba ya mita 4 kwa 5 ina ukuta wa mita 18 kuizunguka. Tano za mojamoja zina mita 90. Zikipangwa mstari mmoja wenye urefu wa mita 20, kuta mbili ndefu ni mita 40, na kuta sita za kukatiza ni mita 30, jumla mita 70. Mita 20 zilizookolewa, kwa kimo cha mita 3, ni mita za mraba 60 za ukuta usio na dirisha wala mlango: zaidi ya tofali 500 za bloku, pamoja na msingi, lenta, lipu na ujira wa fundi. Kwa mtu anayejenga kwa awamu, hiyo ni tofauti kati ya kupaua mwaka huu na kuliacha boma lipigwe na mvua.

Upepo wa Singida nao unaingia kwenye hesabu. Mkoa huu umekuwa ukichunguzwa kwa miaka kwa ajili ya umeme wa upepo, na upepo huohuo haubagui mtambo na bati. Paa dogo lililosimama peke yake lina kingo pande zote nne, na upepo huanzia kwenye kingo kung’oa. Mapaa matano yana kingo ishirini za kufungwa vizuri.

Hapo muuguzi anaingilia, na hoja yake inaanguka kwenye ukuta uleule ambao mhasibu aliuokoa. Anayefanya zamu ya usiku katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hulala mchana, na katika vyumba vya mstari mchana ni wa redio ya jirani. Kosa si la mstari wenyewe. Mafundi wengi huumalizia ukuta wa kukatiza usawa wa dari, na juu yake paa lote hubaki uwazi mmoja kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Sauti hupita, moshi wa mkaa hupita, na mwizi mwembamba naye hupita. “Baba mwenye nyumba akiupandisha ukuta hadi kwenye bati, mimi sina shida na jirani,” husema. Kupandisha huko kunakula sehemu ya tofali zilizookolewa, lakini sehemu ndogo tu, kwa kuwa pembetatu iliyo juu ya dari haina kimo kikubwa. Hii ni hoja moja ambayo mpangaji anaijua kuliko mjenzi na mhasibu wote wawili, na inashangaza jinsi inavyosahaulika mpaka mpangaji wa kwanza ahame.

Maji ndiyo yenye uzito kuliko yote. Mji umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na yote mawili ni ya maji ya chumvi. Maji ya bomba ya SUWASA, mamlaka ya maji ya mji, hutoka katika visima virefu, vikiwamo vya Mwankoko na Irao. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha ukame miezi mingi. Nyumba tano zenye vyoo vya ndani ni vyoo vitano vya kuvuta maji, na choo cha kuvuta kisipopata maji ni kibaya kuliko choo cha shimo ambacho tangu mwanzo hakikuyahitaji. Mstaafu anayetangaza “choo ndani” kabla ya kununua simtanki anauza kitu asichonacho.

Paa refu hapa lina faida isiyozungumzwa sana. Paa linalofunika mita 20 kwa 5, kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 60,000. Hata moja ya tano ikipotea kwa kumwagika na kukauka, zinabaki lita 48,000, zinazokusanywa kwa gata moja na kushushwa kwenye tangi moja. Mapaa matano ya mojamoja hupokea mvua ileile lakini yanataka gata tano na mabomba matano, au matangi matano madogo yanayojaa siku ya kwanza na kumwaga ya siku ya pili. Maji hayo hayatoshi mwaka mzima kwa kaya tano, lakini yakitengwa kwa ajili ya kuvuta choo na kufua, bili hushuka kipindi chote cha masika na wiki kadhaa baada yake.

Majitaka yanafuata maji. Singida ni mji wa mawe. Miamba mikubwa imejitokeza juu ya ardhi katika mitaa mingi, na mingine imelala futi chache chini. Mchimba shimo akikuta mwamba, bei hubadilika palepale. Kuchimba shimo moja kubwa la pamoja mahali palipopimwa kwa sururu kabla ya kuchora ramani ni nafuu kuliko kubahatisha mahali patano. Hapa afisa mipango miji anamuunga mkono mhasibu kwa sababu nyingine: shimo lazima lifikiwe na gari la kunyonya, na ua uliozungukwa na nyumba tano, wenye geti la kupita bajaji, haufikiki. “Mkishajenga ndipo mnaniita,” hulalamika. “Nileteeni mchoro kwanza. Kibali cha ujenzi si muhuri wa kumkomoa mtu.”

Afisa ana jambo jingine linalowahusu wote. Kabla ya mchoro kuna kiwanja, na kabla ya kiwanja kuna miliki. Kiwanja kilichopimwa ndani ya manispaa hupewa hati chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, mara nyingi ya miaka 33, 66 au 99. Ardhi ya kijijini iko chini ya sheria nyingine, Na. 5 ya mwaka huohuo, na hati yake ni ya kimila. Pembezoni mwa mji, mashamba ya alizeti yanakatwa viwanja kila mwaka, na wanunuzi wengi hushika karatasi ya mauziano iliyosainiwa kwa mtendaji tu. Karatasi hiyo ina maana yake, lakini haimwambii mnunuzi kama barabara ya mchoro wa mji itapita katikati ya sebule. Upimaji ukija baadaye, nyumba ya mstari ikiguswa pembeni hupoteza chumba kimoja; nyumba za mojamoja zilizotawanyika zinaweza kupoteza geti, tangi na shimo kwa mkupuo. Mstaafu hujibu kwamba linaweza pia kutokea kinyume chake, barabara ikakata mstari katikati na kuacha mojamoja salama. Yuko sahihi. Hoja hii haimsaidii yeyote zaidi ya kumtuma kila mmoja ofisi ya ardhi.

Mapato yanahitaji kielelezo, na namba zinazofuata ni za mfano tu. Chumba chenye choo kimegharimu shilingi milioni 6, pamoja na sehemu yake ya kiwanja, tangi na shimo. Kinapangishwa kwa 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720,000, na mwenye chumba hutembea mjini akisema anapata asilimia 12. Mhasibu huanza kutoa. Mwezi mmoja chumba kimekaa kitupu: zinabaki 660,000. Kodi ya mapato ya pango, asilimia 10: 594,000. Kitasa, koki, rangi, bati lililolegea, tuseme 100,000: zinabaki 494,000. Asilimia 12 imekuwa asilimia 8 na nukta kidogo.

“Na hatifungani za serikali za miaka 20 na 25,” huongeza mhasibu, “hata zile za 2022, riba iliposhushwa, zilibaki juu ya asilimia 12. Hazivuji, mzee, na hazina mpangaji.”

Hoja hiyo ina nguvu, na mstaafu hapaswi kuipuuza. Lakini ina ufa. Riba ya hatifungani ni ileile mwaka wa kwanza na wa ishirini, wakati kodi ya chumba hupanda na mji, na kiwanja chini yake hupanda zaidi. Isitoshe, mtu wa kizazi cha mstaafu ana kumbukumbu yake juu ya serikali na mali. Sheria ya 1971 ya kutwaa majengo ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, ikaunda ofisi ya Msajili wa Majumba, ambayo baadaye, 1990, iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba za udongo za vyumba vya kupangisha hazikufikia thamani ile. Kidogo kilipona kwa sababu ni kidogo, na wazee hawakulisahau, ingawa udhibiti wa kodi za nyumba uliondolewa kisheria 2005 na soko sasa liko huru.

Pale ambapo mhasibu hajibiki ni kwenye mkopo. Mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikitozwa riba ya kati ya asilimia 15 na 19. Chumba kinacholeta asilimia 8 hakiwezi kulipa deni la asilimia 17, kiwe cha mstari au cha mojamoja, kiwe na marumaru au simenti. Anayekopa benki ili ajenge vyumba vya kupangisha Singida analipa tofauti hiyo kutoka mfuko mwingine, na kama ni pensheni, basi pensheni ndiyo inayowapangishia wengine nyumba. Ujenzi wa awamu kwa hiyo ndiyo njia pekee yenye hesabu: vyumba viwili vianze, kodi yake ijenge cha tatu. Na mstari unakubali awamu kwa urahisi, kwani ukuta wa mwisho wa leo ni ukuta wa kwanza wa kesho.

Kuna mkopo mwingine, usio na riba, na anayeutoa ni mpangaji. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo ndiyo mtaji unaonunua bati za chumba kinachofuata. Kwa chumba cha mfano ni 360,000 siku ya kwanza, na kama kuna dalali, mwezi mmoja zaidi juu yake. Kwa muuguzi aliyepangiwa kituo jana na ambaye mshahara wa kwanza haujafika, hizo ni fedha za kuazima. “Mnasema soko huru,” huwaambia, “lakini mimi ndiye benki yenu.” Mstaafu hana jibu la haki hapo, ila jibu la kibiashara analo: miezi mitatu badala ya sita huwavuta wapangaji wenye mshahara, na hupunguza mwezi ule mtupu ambao mhasibu aliutoa kwenye hesabu. Mwezi mmoja wa chumba kukaa kitupu ni 60,000. Hakuna riba ya miezi mitatu ya 180,000 inayofikia hapo.

Swali la nani atapanga linagawa mkoa. Mjini Singida wapo wanafunzi na walimu wa tawi la Taasisi ya Uhasibu Tanzania, wanafunzi wa VETA, watumishi wa mkoa na hospitali, na wafanyabiashara wanaosubiri magari stendi ya Misuna, mahali ambapo njia ya Dodoma kwenda Mwanza hukutana na ile ya Babati na Arusha. Itigi ipo Hospitali ya Mtakatifu Gaspar na chuo chake. Hao hubadilika majina lakini idadi yao haiondoki. Mwanafunzi hutaka chumba cha bei ya chini na hajali choo cha pamoja mradi maji yapo; mtumishi mwenye mtoto hutaka choo chake na mahali pa kupikia. Kosa la kawaida ni kujenga kwa ajili ya mtumishi mahali palipojaa wanafunzi.

Kundi lingine huja na miradi. Reli ya kisasa kipande cha Makutupora hadi Tabora inapita Manyoni na Itigi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Tanga linakatiza mkoa. Mgodi wa dhahabu wa Mang’onyi, wilayani Ikungi, ulianza kutoa dhahabu 2023. Mstaafu huvutwa na mafundi wa miradi hiyo, kwani hulipa bila kubembeleza. Mhasibu huwagawa: mgodi ni wa miaka mingi, lakini kulaza reli na kufukia bomba ni kazi yenye mwisho, na treni ikianza kupita haihitaji vibarua waliolaza mataruma. Vyumba vilivyojengwa kando ya kambi lazima virudishe fedha zake kabla kambi haijafungwa, na kwa mapato ya asilimia 8 kwa mwaka hilo haliwezekani. Kwa kambi, chumba cha mabanzi na bati kinachoweza kubomolewa na kuhamishwa ni uamuzi wa busara kuliko tofali. Ni mahali pekee katika mjadala huu ambapo nyumba mojamoja, nyepesi, ya kubebeka, inaishinda ya mstari bila kubishaniwa.

Umeme huleta ugomvi mdogo usiokwisha. LUKU moja kwa vyumba vitano humaanisha mmoja ana friji, mwingine ana taa mbili, na wote wanachanga sawa. Mita ndogo ya kila chumba huumaliza ugomvi kwa gharama ambayo mwenye nyumba angeweza kuilipa mwanzoni. Tangu 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kwenye LUKU. Tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anayelipa kodi ya jengo la mwenye nyumba ni mpangaji, mpaka adai arudishiwe. Mkataba wa maandishi unaweza kulimaliza kwa sentensi moja. Ukikosekana, shauri huenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 husuluhisha tu, na baada ya hapo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni safari ndefu kwa ajili ya 1,500.

Mwisho ni kuuza. Hatifungani huuzwa kupitia soko la hisa bila mnunuzi kuja kukagua choo. Vyumba vya mstari huuzwa vyote pamoja, na wapangaji wake, kwa anayeweza kulipa vyote pamoja. Mstaafu aliamini nyumba mojamoja zingemruhusu kuuza moja akipata shida ya matibabu na kubakiza nne. Afisa mipango miji anamrekebisha: nyumba ziko tano, hati ni moja. Kukigawa kiwanja kunahitaji idhini, na kipande kisichofikia kipimo cha chini cha kiwanja hakipati hati. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu watu tofauti kumiliki sehemu za jengo moja, lakini inataka mpango uliosajiliwa na mpima ardhi wa kulipwa, gharama ambayo kwa nyumba za milioni 6 hula faida ya miaka.

“Siuzi,” husema mstaafu. “Ni za watoto.”

“Basi tuandike wosia, mzee,” hujibu mhasibu, “maana watoto ni saba na vyumba ni vitano.”